Kalamu na Randa: Habari za Vyuo vya Kazi katika Nchi Zetu

Kila mwaka, majibu ya mtihani wa kidato cha sita yakiisha kutangazwa, nyumba nyingi za mkoa wetu wa Singida huwa na baraza, tangu Kiomboi mpaka Itigi. Mtoto amefaulu. Ng'ombe wa kuuzwa wamekwisha kuchaguliwa, au magunia ya vitunguu yamekwisha kuhesabiwa. Limebaki shauri moja tu: aende chuo gani? Baba ataka chuo kikuu chenye jina kubwa, mwanawe avae joho na kuitwa msomi. Mjomba asema afadhali chuo cha kazi, ambako kijana hujifunza mitambo, au umeme, au ujenzi, huku ameshika chombo mkononi. Mama auliza neno moja: "Akiisha kumaliza, atakula wapi?"

Ndugu wasomaji, shauri hili si la jana. Katika nchi zetu limesemwa zaidi ya miaka mia. Husemwa mara nyingi ya kuwa Mwafrika akiisha kujua kusoma huichukia kazi ya mikono, na kwamba ndiyo sababu vyuo vya ufundi viliachwa nyuma. Mimi nimezifuata habari hizo toka mwanzo, nami naona ya kuwa neno hilo si kweli. Nataka niwaeleze kwa utaratibu, ili baba, na mjomba, na mama, na kijana mwenyewe, wapate kuamua wakijua yaliyotangulia.

Kwanza tukumbuke ya kwamba kazi ya mikono ilikuwa na heshima kabla hazijaja shule. Katika Ufipa wahunzi walijenga tanuru za udongo zilizopita kimo cha mtu, wakayeyusha mawe ya chuma. Baadhi ya tanuru hizo zingali zikisimama. Huko Buhaya, wachimbuzi wa mambo ya kale wameonyesha ya kuwa chuma kiliyeyushwa huko tangu miaka kama 2000 iliyopita. Kijana aliyetaka ufundi huo alikaa na fundi wake muda mrefu, akivukuta mivukuto, akichukua makaa, akitazama. Hakuambiwa siri zote mpaka amejaribiwa. Huyo ndiye aliyetengeneza jembe la mkulima na mkuki wa askari, wala hakuna aliyemwita mtu asiye na elimu.

Zikaja shule. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, walijenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, na karibu na darasa wakaweka karakana na mashamba. Mwaka 1892 shule ilifunguliwa Tanga, na baada ya muda kidogo serikali ya Wadachi ikaishika. Wadachi walihitaji makarani, na wakalimani, na maakida. Lakini walihitaji pia maseremala na wapiga chapa, wakawafundisha hao nao katika shule ile ile. Gazeti la Kiongozi, lililoanza kutoka mwaka 1904, lilipigwa chapa hapo Tanga. Tazameni jambo hili: mpiga chapa ashika mtambo wa chuma, naye ajua herufi na nahau. Kalamu na chombo vilikaa nyumba moja.

Lakini wazazi wana macho. Waliona ya kuwa aliyetoka Tanga na kalamu aliweza kupewa uakida, akaamuru watu na kukusanya kodi. Na aliyetoka na randa alibaki kuamriwa. Basi kama mtu akimwombea mtoto wake kalamu, je, tuseme aichukia kazi? Aliifuata njia iliyokuwa na ngazi ya kupandia.

Mwaka 1924 ilipita katika Afrika ya Mashariki tume iliyotumwa na mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani, chini ya Thomas Jesse Jones. Pamoja naye alikuwamo Mwafrika mmoja, James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, nchi ambayo sasa huitwa Ghana. Tume hiyo ilishauri ya kuwa elimu ya Waafrika iambatane na maisha ya kijiji: kilimo, afya, na ufundi wa mikono. Mfano waliousifu ni shule mbili za watu weusi wa Marekani, Hampton na Tuskegee.

Habari za Tuskegee zafaa kujulikana. Ilianzishwa mwaka 1881, na mkuu wake alikuwa Booker T. Washington, mtu aliyezaliwa mtumwa. Wanafunzi walijenga shule kwa mikono yao, wakafyatua matofali wenyewe. Tanuru tatu za kuchomea matofali ziliharibika. Ya nne ikafaulu, na baadaye hata Wazungu wa mji ule wakaja kununua matofali kwao. Huo ulikuwa ushindi wa kweli. Lakini msomi mwingine mweusi, W. E. B. Du Bois, mwaka 1903 alimpinga Washington. Alisema ya kuwa taifa likifundishwa ufundi peke yake litakosa watu wa kuliongoza. Akakumbusha ya kwamba wengi wa walimu wa Tuskegee wenyewe walitoka vyuo vya elimu ya juu. Wote wawili walikuwa na haki. Washington aliiona njaa ya leo, na Du Bois aliuona mlango wa kesho uliofungwa.

Mzozo huo ulivuka bahari ukafika kwetu. Serikali ya Waingereza ilipenda ushauri wa tume, maana ulikuwa na busara ndani yake, na tena ulikuwa rahisi kwa fedha. Lakini katika Tanganyika ya siku zile shule za Wazungu zilikuwa mbali na za Wahindi, na za Wahindi mbali na za Waafrika. Na mishahara ya serikali ilipangwa kwa rangi vivyo hivyo. Fundi Mwafrika, hata akiwa hodari, alikuwa na dari juu ya kichwa chake. Kwa hiyo wazazi waliposikia kwamba elimu ya mikono ndiyo imfaayo Mwafrika, wengi walitafsiri hivi: "Mtakaa hapo mlipo." Kilichowaudhi ni kule kuchaguliwa na mtu ambaye hakumchagulia mwanawe jambo hilo hilo.

Sasa tutazame jirani zetu wa Uganda, maana habari ya Makerere ni ya ajabu. Wengi wetu tukisikia jina hilo twafikiri madaktari, na maprofesa, na Mwalimu Nyerere, aliyesoma ualimu huko toka mwaka 1943 hata 1945. Lakini Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 14, na masomo yao yalikuwa useremala, na ujenzi, na mitambo. Muda haukupita, yakaongezwa masomo ya uganga, na kilimo, na mifugo, na ualimu. Mwaka 1928 ufundi wa mikono ulitengwa, ukawa shule yake yenyewe. Makerere ikapanda: mwaka 1949 ikaunganishwa na Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1970 ikawa chuo kikuu kinachosimama peke yake. Ile shule ya ufundi iliyotengwa ilihamia kilima cha Kyambogo mwaka 1958, ikaendelea na kazi bila sifa nyingi, hata mwaka 2003 ikaunganishwa na vyuo vingine viwili, navyo pamoja vikawa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Basi seremala na daktari walizaliwa nyumba moja. Lakini daktari alifika mlango wa chuo kikuu mapema, na seremala alingoja zaidi ya miaka 70 tangu siku walipotengana.

Kenya nako mambo yalikwenda hivyo hivyo. Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilifunguliwa Nairobi mwaka 1956. Mwaka 1961 neno "ufundi" likaondolewa katika jina lake, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Huko Mombasa, chuo cha ufundi cha vijana wa Kiislamu kilichoanza kufundisha mwaka 1951 kiliitwa baadaye Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 kikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Turudi kwetu. Mwaka 1951 shule ya ufundi ilifunguliwa Ifunda, katika nchi ya Iringa, na mwaka 1957 nyingine ikafunguliwa Moshi. Mwaka huo huo wa 1957 Dar es Salaam ikapata chuo cha ufundi. Hata uhuru ulipofika, mwaka 1961, Mwalimu Nyerere aliwahi kukumbusha ya kuwa nchi nzima ilikuwa na wahandisi wawili tu na madaktari 12. Fikirini, ndugu zangu: madaraja, na mabomba ya maji, na reli yote itokayo Dar es Salaam kupitia Manyoni hata Kigoma, na wahandisi wawili! Katika mwaka huo huo chuo kikuu chetu cha kwanza kilifungua milango yake katika jumba la TANU, mtaa wa Lumumba, na somo lililoanza lilikuwa sheria. Kitivo cha uhandisi kilipatikana mwaka 1973 kwa msaada wa Wajerumani. Lakini kitivo hicho kilikuja na desturi njema: mwanafunzi wa uhandisi hutumwa viwandani na kwenye kazi za ujenzi, akajifunze kwa mafundi walioshika kazi, ndipo arudi darasani.

Mwezi wa Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Alisema shule isimtenge mtoto na wazazi wake, bali imtayarishe kwa maisha ya nchi ya wakulima, nayo iwe na shamba au karakana yake. Mwaka 1974, kwa Azimio la Musoma, ikaamriwa ya kuwa kijana asitoke shule na kuingia chuo kikuu moja kwa moja. Kwanza afanye kazi, na wenzake wa kazini watoe neno juu yake. Nia ilikuwa njema, na wengine waliokwenda chuoni baada ya kazi walijua vema wanachokitafuta. Lakini wazee wetu waliosoma siku zile wanakumbuka pia ya kuwa katika shule nyingi shamba lilikuwa la kutafutia fedha tu, na jembe likawa adhabu ya mchelewaji. Mtoto aliyeadhibiwa kwa jembe asubuhi, atalipendaje jembe jioni? Agizo la Musoma nalo lililegezwa, mwisho likaachwa. Hapo twajifunza ya kuwa kazi isiyo na mafundisho ndani yake si elimu, hata ikifanyika katika uwanja wa shule.

Katika miaka iliyofuata vyuo vya kazi vilianza kupata ngazi yao wenyewe. Chuo cha ufundi cha Arusha kilianza mwaka 1978, na cha Mbeya mwaka 1986. Chuo cha Kilimo cha Morogoro, kilichokuwa tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984. Kile chuo cha mwaka 1957 cha Dar es Salaam kikawa Taasisi ya Teknolojia mwaka 1997, nacho hutoa shahada za uhandisi. Cha Mbeya kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia mwaka 2012. Na tangu mwaka 2024 baadhi ya shule zetu za sekondari zimeanza mkondo wa amali, ambamo mtoto hushika ufundi tangu kidato cha kwanza. Basi dari ile ya zamani imetobolewa. Mwenye stashahada ya ufundi aweza kupanda hata shahada, na mwenye kidato cha sita aweza kuingia shahada ya uhandisi katika chuo chenye karakana.

Mtu atasema: ikiwa ni hivyo, shauri limekwisha, wote waende vyuo vya kazi. La, halijaisha. Habari za Makerere na Nairobi zatuonya. Chuo cha kazi kikipata jina la chuo kikuu chaweza kuona haya kwa randa yake; kikaongeza masomo ya daftari yasiyo na gharama, na vyombo vikazeeka bila kuongezwa vingine. Tena si kila aendaye chuo cha sheria au cha historia amepotea. Du Bois alisema kweli, taifa lahitaji hao nao. Wala si vema kupima heshima ya elimu kwa usafi wa mikono. Walimu waliofundishwa hapa kwetu Kinampanda walijifunza kufundisha kwa kusimama mbele ya watoto, na wauguzi wanaofundishwa Itigi hujifunza kitandani pa mgonjwa. Hakuna mgonjwa amwambiaye muuguzi, "Elimu yako ni ya mikono, niletee msomi." Twaiheshimu kazi hiyo kwa sababu twaona ustadi wake, na kwa sababu aliyeianza aweza kupanda. Kinachobaki ni kuwapa fundi wa umeme na fundi wa mitambo heshima ile ile.

Basi nawaomba wazazi na vijana waulize maneno matatu kabla ya kujaza maombi, maneno ambayo historia yenyewe yatupa.

La kwanza ni hili: ngazi ya chuo hicho yafika wapi? Babu zetu waliikataa randa kwa kuwa ilikuwa na dari. Mtazame kama chuo kimesajiliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, au na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Na kama hati yake itamruhusu kijana kuendelea mbele atakapotaka. Msitazame jengo lililochorwa katika tangazo.

La pili: vyombo viko wapi, na nani huvishika? Chuo kikisema chafundisha kwa mikono, ulizeni karakana ni ngapi, wanafunzi wangapi hugawana mtambo mmoja, na wakati wa mafunzo ya kazini hutumwa wapi. Mwulizeni kijana wa jirani aliyesoma huko. Yeye atawaambia kama aliugusa mtambo au aliutazama dirishani. Mkono mtupu haulambwi.

La tatu: ni nani aliyechagua? Tumeona mara tatu, wakati wa tume ya 1924, wakati wa jembe la adhabu, na wakati wa Musoma, ya kuwa elimu ya mikono iliyoamriwa na mwingine haikushika mizizi. Baba asiye na fundi nyumbani asimpeleke mtoto ufundini kwa kuwa ameshindwa hesabu, maana uhandisi wataka hesabu kuliko kazi nyingi za ofisini. Wala asimzuie mwenye kipaji kwa kuogopa maneno ya majirani. Na fedha za Bodi ya Mikopo, kijana akizipata, ni deni litakalokatwa katika mshahara wake yeye, si katika mshahara wa baba wala wa mjomba. Atakayelipa na asikilizwe.

Nchi yetu ya Singida ina kazi ya kuwangoja vijana hao. Alizeti yetu yajulikana nchi nzima. Katikati ya miaka ya 1980, huko Arusha, mhandisi mmoja wa Marekani, Carl Bielenberg, alitengeneza mashine ya kukamua alizeti kwa nguvu za mkono, yenye mpini mrefu, ambayo mafundi wa kawaida wangeweza kuiunda. Nayo ikaenea katika nchi nyingine za Afrika. Alizeti ilikuwa yetu, na mikono iliyoisukuma ilikuwa yetu, mhandisi tuliazima. Ng'ombe na mbuzi wetu wana ngozi, na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam ina tawi Mwanza lifundishalo kazi ya ngozi. Reli mpya ya umeme nayo imepangwa kupita mkoa wetu, katika kipande cha Makutupora hata Tabora. Nayo itataka mafundi wa kuitunza miaka yote, wala si siku ya kufunguliwa tu.

Sisemi ya kuwa kazi itamwangukia kijana mapajani. Aliye na shahada ya uhandisi naye aweza kukaa nyumbani akingoja, kama aliyesoma sheria. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na kuinama huko kwaanza siku ya kuchagua, kwa kuuliza na kwenda kuona.

Basi mama aliyeuliza, "Atakula wapi?" ameuliza vema, wala asinyamazishwe barazani. Lakini na aongeze neno la pili: "Na akiisha kushiba, ataweza kupanda?" Chuo kinachoyajibu yote mawili, kiwe cha kalamu au cha randa, ndicho kinachostahili ng'ombe wake.